Alama Chini ya Tepu Nyeusi

Nyumbani kwetu, kwenye miteremko ya Meru, kipuri kikibadilishwa gereji, cha zamani lazima kirudi nyumbani. Hiyo ilikuwa sheria ya baba. Alinunua pikapu yake ya Pijo enzi ambazo kahawa bado ililipa, kisha akaishi nayo miaka ya uhaba, miaka ambayo mtu aliacha gari kwa fundi likiwa na kabureta yake akalikuta na ya jirani. Ndiyo maana kila kitu chini ya boneti alikichora mistari mitatu kwa msumari. Vile vya zamani alivirundika stoo nyuma ya magunia ya mahindi, asije akauziwa tena kipuri chake mwenyewe kilichopigwa brashi.

Mimi nilirithi hofu hiyo kabla ya kurithi gari.

Nilimaliza chuo na shahada ya udaktari wa mifugo wakati serikali imeacha kuajiri. Waliotutangulia walipangiwa vituo hata kabla ya mahafali. Sisi tuliambiwa soko ni huria, tukajitegemee. Nikakaa nyumbani miezi, nikiwaza. Baba akachoka kuniona nikiwaza. Akanitupia funguo akasema, "Chukua gari. Usipoliendesha wewe, litaendeshwa na panya."

Mpango wangu ulikuwa rahisi kuusema: nitapita vijiji vya juu ya Makumira na Nduruma, kwa watu wenye ng'ombe wa maziwa, niwachanjie mifugo yao dhidi ya magonjwa ya kimeta na chambavu. Chanjo hizo hukaa kwenye ubaridi wa nyuzi mbili hadi nane. Zikipanda juu ya hapo, unachanja kwa maji, ng'ombe anakufa baadaye, nawe kazi yako imekwisha kabla hujaianza. Nilinunua friji ndogo ya betri kwa mtaalamu wa kigeni aliyekuwa akifungasha kurudi kwao. Nikaifunga nyuma ya pikapu, nikaijaribu kwa chupa za maji. Mara ya kwanza tu betri ilikata, maji yakawa vuguvugu. Alteneta ya zamani, kile kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, ilitosha taa na honi tu; friji iliishinda.

Wakati huo maduka ya vipuri vilivyotumika yalikuwa yamejaa mjini, mzigo wa Japani na Dubai umepangwa hadi kwenye baraza. Nilipata alteneta kubwa zaidi. Muuzaji aliapa kwamba imetoka kwenye gari la wagonjwa. Kwa nini gari la wagonjwa? Nililifikiria hilo njia nzima. Lilipata ajali? Mgonjwa alifika? Nilinunua pia waya mnene mwekundu, kwa sababu nilikuwa nimesoma kwamba alteneta kubwa ikipitisha umeme kwenye waya mwembamba wa zamani, waya hupata moto na betri haishibi.

Kabla ya kwenda gereji nilipaka doa la rangi ya kucha ya dada yangu chini ya alteneta. Waya nao niliutoboatoboa juu ya ngozi yake kwa msumari wa moto, kitone kimoja kila shibiri, bila kufika kwenye shaba. Mama alinikuta jikoni nikifanya hivyo. Alitazama kidogo, akachukua sufuria yake akatoka.

Fundi alikuwa Ngarenaro, mtu wa Kilimanjaro, mcheshi kupita kiasi. Ucheshi wake ulinitia shaka tangu mlangoni.

"Msomi, kaa kwenye kiti. Gari halikimbii."

"Nimezoea kusimama."

"Haya, simama. Lakini usinipumulie shingoni, mangi, nitakaza bolti kichwa chini."

Nilisimama. Nilihesabu spana zake zinavyoingia na kutoka. Alifungua alteneta ya zamani, akaipima mkononi kama mtu anayepima kuku wa kununua.

"Hii niachie, nitoe shaba."

"Hapana. Baba anaitaka."

"Ya nini? Mnaizika?"

Watu wa gereji walicheka. Nikaitia kwenye gunia, nikaliweka kati ya miguu yangu. Jua lilikuwa kali, naye akaagiza soda mbili, yake na yangu. Nilikunywa. Ndilo kosa nililojilaumu nalo wiki nzima, kwa sababu soda ilinipeleka uani, na niliporudi waya wote kutoka kwenye alteneta hadi kwenye betri ulikuwa umeviringishwa tepu nyeusi. Hakuna kitone hata kimoja kilichoonekana.

"Tepu ya nini?"

"Mafuta yasiule. Na joto."

"Na waya mwekundu?"

"Si huo humo ndani?" Akanikazia macho, kisha akafuta mikono. "Rudi keshokutwa nikaze mkanda wa feni. Ukifunga alteneta mpya, hulegea ukishatembea. Dakika tano tu."

Hapo ndipo shaka yangu ilipokomaa. Nilizifuata hatua zake zote: soda, uani, tepu, halafu "rudi". Akiwa ameshauuza waya wangu, kilichobaki ni kulipata tena gari aivue alteneta yenyewe. Nilimshukuru kwa adabu. Keshokutwa sikwenda. Baba alilipokea gunia, akakagua mistari mitatu, akasema, "Umefanya vizuri," na siku nyingi sikuwa nimeyasikia maneno hayo.

Siku ya chanjo nilipanda kuelekea kijiji kimoja juu ya Makumira, friji imejaa chupa, kipimajoto ndani yake. Barabara ilipoanza kusimama wima, mkanda ukaanza kulia chini ya boneti, na kwenye dashibodi taa nyekundu ya chaji ikawa inawaka na kuzimika kama jicho la mtu anayesinzia. Nilipofika kwenye uzio wa kubania ng'ombe nilikimbilia friji. Nyuzi saba. Nilipoondoka nyumbani zilikuwa nne.

Wakulima walikuwa wamekaa ukutani pembeni ya migomba, wengi wanawake. Ng'ombe sikuona hata mmoja. Mama mmoja mwenye kitenge cha kanisa, mjane aliyekuwa kiongozi wa kikundi chao cha maziwa, alisimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe ndiye daktari? Mbona mdogo?"

"Ndiye mimi."

"Ya serikali ilikuwa bure. Hii ya kulipia tutajuaje kama si maji? Alikuja mwingine hapa na koti jeupe, akachanja, akaondoka. Ndama wakafa." Akanyoosha kiganja. "Chupa tupu zote nitabaki nazo mimi. Zikaguliwe."

Ningeweza kuudhika. Lakini nilikuwa na wembe mkononi, nimeshafungua boneti.

Sikuweza kuanza bila kujua. Kama waya ni ule mwembamba, betri ingekata muda wowote, na chanjo yote ingekuwa ya kumwaga mbele ya watu hawa. Nilizima injini nikaanza kuchana tepu. Wakasogea.

"Daktari wa ng'ombe anapasua gari," mtu mmoja akasema, wakacheka.

"Unatafuta nini?" mama akauliza.

"Waya wangu."

"Umepotea?"

"Upo. Ila sijui kama ni wangu."

Aliinama karibu, akatazama. Tepu ilitoka vipandevipande, inanata vidoleni. Kwanza wekundu. Halafu kitone. Halafu kingine. Nilichana hadi kwenye betri na vitone vyote vilikuwepo, shibiri kwa shibiri. Niliingiza kioo kidogo chini ya alteneta: rangi ya kucha ilikuwa pale, imeng'aa kama siku ya harusi.

"Ni wako?" mama akauliza.

"Ni wangu."

"Sasa mbona hufurahi?"

Sikufurahi kwa sababu ile taa nyekundu ya chaji ilibaki bila maelezo, na sasa sikuwa na mtu wa kumshuku. Ndipo nikaubonyeza kwa kidole mkanda wa feni, ambao ndio unaoizungusha alteneta. Ulizama kama kamba ya kuanikia nguo. Nikalisikia neno "keshokutwa" waziwazi, kwa sauti ile ile ya mzaha.

Nililegeza bolti ya alteneta, nikaomba mpini wa jembe wa kuisukumia. Mama mwenyewe ndiye aliyeusukuma, ameweka mguu kwenye bampa, akaisogeza alteneta nje hadi mkanda ukakaza, nami nikafunga bolti. Niliwasha. Taa ilizimika isirudi. Tukakaa wote tukitazama kipimajoto kama watu wanaongoja chungu kichemke, ila sisi tulingoja kinyume chake. Kiligoma kwenye saba muda mrefu. Kisha kikashuka hadi sita, halafu tano.

"Nimeona kwa macho yangu," mama akawaambia wenzake. Akaondoka, akarudi akivuta ng'ombe mzee mwenye pembe moja. "Anza na huyu."

"Mama, huyu si hata wa kukamuliwa."

"Ndiyo maana. Wewe ulifungua tepu, na mimi nafungua yangu. Huyu akiwa hai utakaporudi, utawaona mitamba."

Wengine nao wakaleta. Siku ile nilichanja vikongwe vya kijiji kizima, na ndama dume wawili wa kuchinjwa Krismasi. Chupa tupu mama alizifunga ndani ya kanga.

Wakati wa kushuka nilipitia Ngarenaro. Fundi alinyanyua boneti, akaushika waya uliobaki uchi, akavuta kipande cha tepu kilichoning'inia.

"Msomi, ulikuwa unatafuta nini humu?"

"Nilikuwa nakagua."

"Na ulikikuta?"

"Nilikikuta."

Akachukua tepu mpya, akaanza kuviringisha kutoka kwenye betri. Kisha akaagiza soda mbili. Yangu niliiweka chini karibu na gurudumu, sikuigusa. Nilisimama pale pale, nikimwangalia mikono hadi kitone cha mwisho kilipofunikwa.