Baiskeli Isiyo na Breki

Breki nilizitoa mwenyewe. Nilikuwa na miaka kumi na minne, spana ya baba, na akili kidogo. Siku hizo kwetu Ngaramtoni, chalii aliyeendesha BMX yenye breki alichekwa mpaka arudi kwao. Tulisimamisha kwa mguu. Unapeleka mguu nyuma, chini ya siti, unakandamiza soli kwenye tairi, na kwa kuwa wote tulivaa katambuga, zile ndala zinazokatwa kwenye matairi ya magari, mpira ulikutana na mpira na baiskeli ikatii. Mama zetu walishangaa ndala zinavyoisha upesi upande mmoja.

BMX yangu ilitoka kwenye mzigo wa mitumba. Baba aliuza misumari na mabati, na siku moja alirudi nayo juu ya mkokoteni, ya njano, imechubuka rangi, na vyuma viwili vya kusimamia mtu kwenye ekseli ya nyuma. Aliniambia neno moja tu: hii haiazimwi. Baba yangu alikuwa Mchaga wa zamani, neno halirudii.

Nayakumbuka haya kwa sababu mwaka huu tulizika mzee mmoja wa Olmotonyi. Maisha yake yote alifanya kazi kwenye bustani ya miche ya msitu, na alikuwa baba wa rafiki yangu wa utotoni. Siku moja kabla ya mazishi nilitoka Njiro, ninakoishi sasa nyuma ya ukuta na geti kama watu wengine wa makamo, nikaenda msibani. Kabla ya kuwasha gari nilikata jani la isale kwenye ua, nikalipiga fundo, nikalitia mfukoni mwa koti.

Asiyejua huona isale kuwa mmea wa mpakani tu. Kwetu Wachaga, ukimkosea mtu unampelekea jani hilo, na akilipokea, kosa limekwisha. Anayelifukua tena ndiye mkosaji.

Olmotonyi kulikuwa na ukungu na manyunyu. Chini ya turubai niliwakuta wenzangu watatu, wote tulioshuka pamoja ile barabara ya vumbi toka msituni hadi sokoni. Mmoja anaendesha lori, mwingine anafundisha, na wa tatu ndiye mfiwa mwenyewe. Vitambi vimetutangulia. Na kama ilivyo kawaida ya wanaume msibani, badala ya kuongea habari za kifo waliongea habari za baiskeli.

"Mnaikumbuka ile ya njano?" akauliza dereva. "Tulipanda watatu, mmoja kwenye usukani."

"Wewe ulikuwa unapanda, hukuwa unaendesha," mwalimu akamjibu. "Kwenye kona ulikuwa unasali."

Wakacheka kwa sauti ya chini, ya msibani. Walizitaja zote, ile iliyofungwa cheni kwa waya, ile iliyojazwa matambara ndani ya tairi pancha ziliposhindikana. Nilicheka nao. Nilizipenda baiskeli zile kuliko nilivyopenda kitu chochote baadaye, na gari langu likiwemo.

Kisha mfiwa akasema, "Ya njano mimi ndiye niliyeiiba. Siku ya kipaimara changu, nimetoka kumkiri Kristo, nikaenda kuiba." Akalipiga goti lake la kulia, lile lisilokunjika. "Mungu alinilipa papo hapo."

Wakacheka tena. Mimi nilinyanyua kikombe cha chai na kukuta ni kitupu.

Hakuiba. Siku ile alikuja kwetu kutoka kanisani, na suruali iliyopigwa pasi na viatu vipya vyeusi, akaniambia, "Leo ni siku yangu, nipe raundi moja tu." Baba hakuwepo. Nikampa. Nilimsukuma kidogo mgongoni ili apate mwendo. Hakuna kati yetu aliyefikiria viatu. Alipofika pale barabara inapopinda, alipeleka mguu nyuma kama kawaida, na soli ya kiatu cha kanisani ikateleza kwenye tairi kana kwamba imepakwa sabuni. Alipeleka tena. Nilimwona akipeleka mara tatu. Kisha ukaja mtaro.

Jioni baba aliniuliza mbele ya baba wa rafiki yangu, "Ulimpa?"

Nilitazama baiskeli, ringi ya mbele imekunjamana. Nikaona pale breki zilipokuwa, matundu mawili matupu, na nikajua swali la pili litakuwa lipi. Nikasema, "Sikumpa. Alichukua."

Baba huyo alikuwa mtu mrefu, Mwarusha, mzee wa kanisa. Hakubisha. Siku chache baadaye alikuja kwetu amevaa koti la Jumapili, na mkononi ameshika jani la isale. Alikuwa ameuliza sokoni Wachaga huombana vipi msamaha. Baba akalipokea kwa mikono miwili, akasema yamekwisha. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni. Tangu hapo nilijiambia kwamba jani limeshapokelewa, mila inakataza kufukua. Ilikuwa mila nzuri sana kwangu.

Mwanawe alikuwa bado kwenye plasta. Mzee alingoja. Plasta ilipotolewa, akamchapa. Hakumchapa kwa hasira, wala hakuwa mtu wa kuchapa ovyo. Alimchapa viboko vya mwizi kwa sababu aliamini amezaa mwizi na bado kuna muda wa kumnyoosha. Kilio chake sikukisikia. Niliambiwa, na nikaendelea kula.

Pale msibani nilikwenda ndani kumpa mama wa mfiwa pole. Nilimwamkia shikamoo, akanishika mkono asiuachie. "Marahaba, mwanangu. Mzee alikuwa anakutaja. Alisema nyumba yenu ni watu wema, hamkumpeleka mtoto polisi."

Nilitoka pale nimeamua. Nilimwita rafiki yangu pembeni, tukasimama chini ya miti ya misindano ambayo bila shaka baba yake aliiotesha. Nikatoa jani.

"Baiskeli nilikupa mimi," nikasema. "Hukuiba."

"Najua. Si nilikuwepo?"

Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira, hata kwa ngumi. Hilo sikuwa nimejiandaa nalo. "Sasa mbona unawaambia watu uliiba?"

"Nilimwambia mzee kwamba ulinipa. Mara moja. Akaniambia naongeza uongo juu ya wizi." Akafuta manyunyu usoni. "Nikaacha."

"Basi leo nitasema. Mbele ya wale, na mbele ya mama."

Akatikisa kichwa. "Ungesema akiwa hai. Angeniita, angeniomba radhi, tungeyamaliza. Alikuwa mtu wa hivyo. Ukisema leo, kesho anazikwa akiwa amenionea. Na hawezi tena kuniomba radhi. Mimi nimeshazoea kuwa mwizi wa baiskeli, Mangi. Mama utamzoesha nini?"

"Basi lipokee wewe."

Aliliangalia lile jani, fundo lake nililolipiga vibaya kwa haraka. "Hilo ni la mzee," akasema. "Alilitafuta soko zima." Akavikunja vidole vyangu juu yake, taratibu, kisha akarudi kwenye turubai, mguu mmoja ukiusubiri mwingine. Nilimsikia akimwambia dereva amwongezee mwalimu chai.

Kesho yake watu walijaa mpaka barabarani. Mzee wa ukoo alisoma wasifu wa marehemu: alipozaliwa, alipobatizwa, miti aliyootesha, watoto na wajukuu. Kisha akaiweka karatasi chini na kusema la kwake.

"Mzee wetu alikuwa mtu wa haki. Mwanawe wa kumzaa alipochukua mali ya watu, hakumficha. Alimrudi, akaenda mwenyewe kuomba radhi. Wazazi wa leo mnaweza? Alikuwa mtu wa haki au hakuwa?"

"Alikuwa," watu wakaitikia.

Rafiki yangu alikuwa amesimama karibu na jeneza, amemshika mama yake bega. Aliitikia pamoja nao, kwa sauti ya kusikika, kisha akageuka akanitafuta kwa macho katikati ya watu. Mkono wangu ulikuwa mfukoni, juu ya jani.

Mzee wa ukoo akauliza tena, kama wanavyouliza.

"Alikuwa," nikasema.