Namba ya Butembo, Namba ya Beni

Nilichagua carte graphique kwa miezi minne. Mdogo wangu aliichagua kwa dakika kumi, na ya kwake ndiyo tuliyonunua.

Carte graphique ni kile kipande cha kompyuta kinachochora picha kwenye kioo. Tulikuwa na studio ndogo ya kufilimu harusi na matanga, hapa Butembo, nyuma ya duka la vitenge, na kompyuta yetu ya zamani ilichukua siku nzima kutoa filamu moja. Watu hawakuwa tena na subira hiyo. Vita ilikuwa imekaa upande wa Beni, na kila familia ilitaka kuona harusi yake wageni wakiwa bado pamoja, kabla ya kila mmoja kurudi kwake. Studio ambayo ingeweza kufilimu misa asubuhi na kuonyesha filamu kwenye karamu mchana uleule, hiyo ndiyo ingepata kazi. Nilitaka iwe yetu. Niseme kweli: nilitaka iwe yangu.

Wazazi wetu walipokufa nilikuwa mwaka wa pili wa sekondari. Niliacha shule. Wadogo walikuwa watatu, na huyu ninayemwandika alikuwa bado anabebwa mgongoni. Kamera nilijifunza kwa kumshikia taa mpiga picha mmoja, mpaka uzee ulipomchosha akaniachia vifaa vyake. Mdogo alisoma informatique mpaka mwisho. Siku aliporudi na diploma yake nilichinja kuku. Wiki iliyofuata wateja walianza kuniuliza, mimi niliyeketi kwenye kiti changu mbele ya mashine yangu: "Ingénieur iko?"

Nilikuwa nikijibu, "Iko," na kumwita.

Basi carte ile nilitaka kuichagua mwenyewe. Nilikwenda cyber kila Jumatano, nikasoma Kifaransa changu cha kukwamakwama, nikanakili kwenye daftari majina, ukubwa wa memwari, idadi ya feni. Nilifika mahali nikajua. Ilikuwa kubwa, nyeusi, feni tatu, ya juu kabisa katika zile za mwaka ule. Mfanyabiashara mmoja wa mtaani kwetu alikuwa anajiandaa kwenda Dubai kuleta vipuri vya pikipiki, na alikuwa anachukua maagizo ya watu kwenye karatasi. Nikampa mdogo daftari asome tu, asifie.

Alisoma amesimama. Yaya ndilo jina analoniitia, yaani dada mkubwa. "Yaya, hii iko muzuri sana. Mais haitaingia."

"Haitaingia wapi?"

Akachukua futi ya fundi cherehani jirani, akapima ndani ya unité yetu, lile sanduku la kompyuta. Carte yangu ilizidi kwa upana wa vidole vitatu. Kisha akanionyesha boksi la umeme lililo ndani ya mashine: lisingeweza kuilisha. Akaandika jina lingine chini ya langu, carte mpya vilevile, ya bei ileile, fupi zaidi. "Hii njo itatusaidia," alisema, kwa upole. Upole wake ndio ulioniudhi zaidi. Angenicheka ningempiga kofi.

Carte ilifika ndani ya mzigo wa vipuri, ikinuka grisi. Tuliifunga asubuhi moja ya baridi, mimi nimevaa sweta mbili. Mdogo akaniambia kwamba carte kama hiyo inaweza kuzidishiwa mbio kuliko ilivyotoka kiwandani. Yeye alisema "overclocker". Kuna dirisha dogo kwenye kioo, na ndani yake kistari unachokisukuma kwa kipanya. Unaongeza megahertz kumi, ndicho kipimo cha mbio hizo, unaijaribu. Unaongeza kumi nyingine. Programu ya kujaribu ilizungusha kwenye kioo picha ya pete yenye manyoya, saa nzima, huku yeye akisoma joto la carte na kuandika. Alifika mia moja na thelathini, kioo kikarukaruka. Akarudi mpaka tisini.

"Tisini njo mwisho, yaya. Hapana kupita hapo."

"Nani alikuambia ninataka kupita?"

"Minasema tu."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake muda wote. Macho yangu yalikuwa kwenye mkono wake.

Alipokwenda Kayna siku mbili kufilimu ubatizo, nilifungua lile dirisha. Nilisukuma kistari mpaka mia moja. Pete ikazunguka. Nikasoma kwenye intaneti kwamba ukiongeza kidogo umeme wa carte, inavumilia zaidi, nikaongeza. Mia moja na ishirini. Mia moja na hamsini. Nilipofika mia moja na sitini nilitoa filamu nzima ya matanga, na ikatoka robo saa mapema kuliko kwa namba yake. Nilicheka peke yangu. Mimi wa mwaka wa pili wa sekondari, nikamwambia mdogo ambaye hakuwepo. Nikahifadhi namba ili mashine ikiwaka iwake nayo. Sikumwambia aliporudi. Nilitaka siku moja, mbele ya watu, aulizwe imekwendaje haraka hivi, akose jibu, ndipo niseme.

Siku hiyo ilionekana kufika na harusi ya Beni. Mama mkubwa wa bibi harusi, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuamuru, alikuja mwenyewe Butembo kutupa kazi. Sharti lake lilikuwa moja: karamu ingefungwa saa kumi, ili wageni wa vijijini wafike kwao jua likiwa juu. Filamu ionekane kabla ya hapo, la sivyo asingetupendekeza kwa mtu yeyote.

Tuliondoka mapema. Mashine niliipakata kwenye mapaja, imefungwa kwa blanketi. Kwenye kizuizi cha Kalunguta askari mmoja, mtu wa mbali, alitupia blanketi jicho, akauliza kwa Kilingala ni kitu gani. "Eza nini?" Mdogo akamweleza. Askari akatabasamu, akatoa simu yake iliyovunjika kioo. "Ingénieur, angalia hii basi." Mashine ilikuwa kwenye mapaja yangu, na askari hakuniuliza hata jina.

Misa ilikwenda vizuri. Saa saba tulikuwa kwenye salle, ukumbi wa karamu, nyuma ya pazia, mabati juu ya vichwa vyetu. Beni si Butembo. Huko kwetu asubuhi unaona pumzi yako. Pale jasho lilikuwa linadondoka kwenye kibodi. Nilikata picha haraka, mkono wangu unajua kazi hiyo kuliko wa mtu yeyote. Nikabonyeza mashine itoe filamu. Feni zilianza kulia. Ilipofika asilimia arobaini, kioo kilijaa vidirisha vya kijani na waridi, kikawa cheusi.

Tuliwasha tena. Asilimia thelathini na tano. Cheusi.

Mama mkubwa akaingiza kichwa kwenye pazia. "Saa tisa inakaribia. Iko namna gani?"

"Bado kidogo, mama," nilisema.

"Tuliambiwa batu ba Butembo iko na mashine ya mbio. Kumbe ni ya konokono!" Wanawake waliokuwa wanapanga sahani wakacheka. "Ingénieur, njo diploma yako hii?"

Nilijua ni nini. Nilijua tangu vidirisha vya kwanza. Niliijaribu namba yangu kwenye chumba cha sweta mbili, nikaileta chini ya mabati ya Beni. Nilitakiwa kunyoosha mkono, nirudishe kistari. Lakini mdogo alikuwa amesimama pale, na wangeona nani alikisukuma. Sikusogea.

Yeye ndiye aliyefungua lile dirisha la kistari. Aliona mia moja na sitini, akaona na umeme niliouongeza. Akanitazama mara moja tu. Kisha akageukia pazia.

"Mama, ni kosa yangu. Nilisahau joto ya Beni."

Akarudisha kila kitu sifuri, akaomba waipepee mashine kwa sinia. Filamu ilitoka saa tisa na nusu. Bibi harusi alilia alipoona mkono wa bibi yake kwenye shela, picha niliyoichagua mimi. Mama mkubwa alinikumbatia mbele ya wote. "Huyu mama njo studio! Ule ingénieur wa konokono atabeba tu bitabu yake." Kila mtu alicheka, hata mdogo.

Nilipata jina nililolitaka, na yeye akalipa. Tulilala Beni kwa jamaa, kwa sababu barabara haipitwi jioni. Asubuhi, tukisubiri gari, nilimwambia.

"Ni miye nilisukuma."

"Ninajua, yaya."

"Sasa juu ya nini hukusema?"

Alicheka, si kwa ubaya. "Donc ningesema nini? Eti yaya wangu iko na-overclocker? Nani angesadiki?"

Hilo liliniingia kuliko dharau zote za mama mkubwa. Hakulisema kuniumiza. Alisema kitu anachokijua, kama mtu anavyosema kesho ni Jumapili.

Wiki iliyofuata nilirudi Beni peke yangu kupeleka nakala za filamu. Nilikuwa nimeamua. Mama mkubwa alinipa chai, nami nikamwambia kwamba siku ile mashine ilizimika kwa sababu yangu, si kwa sababu ya mdogo. Nilimweleza kistari, megahertz, umeme.

Alinisikiliza mpaka mwisho, akanipigapiga gotini. "Weye? Hapana, mama. Uko namufunika mudogo wako. Batoto ba yatima banapendana vile." Akaniongeza sukari.

Nilijaribu tena. Akaita binti yake aje asikie moyo mzuri wa mtu huyu.

Nilikuwa nimekuja na mashine, kwenye blanketi lake. Nilimwomba mwenye salle anifungulie mchana, jua likiwa kali kabisa, nikaketi chini ya mabati na daftari langu la cyber. Nilianza na tisini, namba ya ingénieur. Pete yenye manyoya ilizunguka dakika ishirini, vidirisha vya waridi vikatokea. Hata yake ilishindwa pale; naungama kwamba nilifurahi sana, peke yangu, jasho linaniingia machoni. Kisha nikashuka kumi kumi mpaka arobaini, na arobaini ikakaa saa mbili.

Nilibandika plasta nyeupe ubavuni mwa unité, nikaandika kwa mkono wangu: Butembo 90, Beni 40. Mdogo aliikuta nyumbani. Aliisoma, akapitisha kidole juu ya arobaini.

"Hii nani aliipima?"

"Uliza mama mukubwa wa Beni," nilisema, nikamwambia aniachie kiti.