Mshono wa Mtu Mwingine

Mwaka ule watu wa Ngara waliogopa mbwa. Si hawa wetu wanaolala migombani mchana na kuwabwekea wapita njia, bali wale waliovuka mpaka pamoja na wakimbizi. Wale hawakubweka. Walipita barabarani kimya, pua juu, na watu walinong'ona kuhusu walichokuwa wamekula huko vitani walikotoka. Mlinzi wa ofisi yetu, mzee wa Kihangaza aliyefuga mbwa tangu utotoni, alikuwa akiwaona tu anaingia ndani na kufunga mlango.

Nilikuwa daktari wa mifugo, na hiyo ilikuwa kazi yangu ya kwanza. Tulikuwa na chumba kimoja cha tiba chenye meza ya bati, na wagonjwa wetu wengi walikuwa ng'ombe na mbuzi. Ndiyo maana nilishangaa asubuhi moja kumkuta mwanamke amekaa barazani na mbwa mapajani, amemfunika kitenge kama mtoto mwenye homa.

Alikuwa ametoka kambini. Alinizidi umri, nikamwamkia kwa heshima. Kihangaza changu na Kinyarwanda chake havikuwa mbali, tukaelewana bila mkalimani.

Mbwa alikuwa dume la kahawia, jembamba, lenye macho matulivu. Nilipofunua kitenge niliona jeraha refu pajani, kama la kukatwa na waya. Lakini lilikuwa limekwisha kushonwa. Nililiinamia kwa muda mrefu. Kila fundo lilikuwa limefungwa peke yake, yote yamelalia upande mmoja, ncha za uzi zimekatwa sawasawa. Kazi ile haikuwa ya mtu wa kubahatisha.

"Mama, huyu ametibiwa tayari," nilimwambia. "Nani amemshona?"

"Hilo ndilo lililonileta. Alinipotea tulipokuwa tukikimbia, juzi akarudi hivi. Nataka uniambie mshono huu ni wa lini."

Niliutazama tena. Ngozi ilikuwa bado nyekundu pembeni.

"Haujamaliza juma."

Alikunja kile kitenge. Kisha akasema taratibu kwamba mumewe alikuwa daktari wa wanyama kama mimi, na kwamba alikufa kabla hawajafika daraja la Rusumo, pale mpakani. Miezi ilikuwa imepita. Kambini alikuwa ameandikishwa kama mjane.

Sehemu moja ya jeraha ilikuwa na usaha, nikafungua nyuzi mbili, nikasafisha, nikashona upya kwa mkono wangu ambao wakati huo ulikuwa bado mzito. Akashukuru, akambeba mbwa wake, akaondoka.

Alirudi baadaye, uso umemsawajika. Mbwa alikuwa amepotea tena na kurudi tena. Nilimlaza mezani. Nyuzi zangu hazikuwepo. Mtu alikuwa amezitoa, akashona upya pale pale, vizuri kuliko mimi, kwa uzi mweupe wa plastiki uliochomolewa kwenye gunia la unga wa msaada. Nilihisi kama mwalimu amepita nyuma yangu, akasahihisha kazi yangu, akaondoka bila kusema neno.

Niliona nimempatia habari njema. "Mama," nikasema, "nadhani mumeo yu hai. Yuko karibu hapa."

Hakufurahi. Alikwenda mlangoni, akachungulia nje, akaufunga.

"Najua yu hai. Mkono huu niliutambua tangu siku ya kwanza, nikaja kwako nikitumaini utaniambia ni wa zamani." Alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani. "Mimi ndiye niliyesema amekufa. Niliona mikono hiyo ilivyowafanya majirani zetu. Watoto wao walikuwa wakija kwetu kucheza na huyu mbwa. Mimi nilikimbia vita, daktari, lakini nilimkimbia na yeye."

"Anajua uko kambi gani?"

"Bado. Watu ni wengi. Lakini mbwa anajua tulipo sote wawili, na siku moja mume wangu atamfuata mpaka mlangoni kwangu."

Aliniomba nibaki na mbwa. Nilipomuuliza kama angependa nimchome sindano alale moja kwa moja, alikataa. Mbwa hakuwa na kosa, alisema. Alimshika kichwa kwa mikono miwili, wakatazamana, kisha akatoka kwa mlango wa nyuma.

Nilimfunga mbwa kwenye nguzo ya baraza, upande unaotazamana na mikaratusi. Alikula, alikunywa, hakulia. Lakini kila siku, jua likiwa kali na mahali pote pametulia, alikuwa akisimama ghafla, masikio juu, akatikisa mkia akiitazama ile miti. Tuliangalia, hatukuona mtu. Mlinzi akahamishia kiti chake upande wa barabarani.

"Mbwa hatikisii upepo mkia," aliniambia.

Nilianza kufanya kazi nikiwa nimefunga dirisha. Hata nilipomchanja mbuzi, nilihisi kuna anayeangalia ninavyoishika sindano.

Asubuhi moja nilimkuta mbwa amelala palepale, kamba haijaguswa. Pajani hapakuwa na uzi hata mmoja. Jeraha lilikuwa limepona, nyuzi zimetolewa kwa wakati wake hasa, na kovu limepakwa dawa ya zambarau ambayo bado ilikuwa mbichi, ilinichafua vidole. Mlinzi aliapa hakusikia kitu. Nilimwamini, kwa kuwa mbwa yule asingembwekea aliyekuja.

Niliwaeleza polisi. Walipekua mikaratusi wakakuta majani ya mgomba yaliyolaliwa na kopo la maji lililojaa. Mtu hawakumpata.

Sikungoja zaidi. Tulikuwa na safari ya kuchanja ng'ombe Murusagamba, nikampakia mbwa garini, nikampa mkulima mmoja aliyetaka mlinzi wa maharage yake. Njia nzima mbwa alikaa akitazama nyuma. Nilichagua huko kwa sababu mwanamke alikuwa ameomba kuhamishiwa kambi ya upande wa Biharamulo, na Murusagamba ni kwingine kabisa. Kama kuna aliyetufuata, na amfuate mbwa.

Nilimwona mama yule mara moja tu baada ya hapo, nilipotumwa Biharamulo. Alikuwa akiuza mihogo kando ya barabara, na alinitambua kabla sijashuka kwenye baiskeli. Tulizungumza kuhusu mvua. Hakuuliza habari za mbwa, nami sikumwambia. Halafu akanyanyua kapu, akatoa paka mdogo mwenye jicho lililovimba, akaniuliza kama ninaweza kulisafisha.

Nililisafisha palepale, juu ya gunia. Hakumtazama paka hata kidogo. Alitazama vidole vyangu, kimoja kimoja, mpaka nilipomaliza, na nilipovifuta kwa kitambaa ndipo akapumua.

"Una mikono mizuri," akasema, akamchukua paka wake upesi.