Dawa ya Malkia

Juzi niliwakuta wanangu mezani na nyanya yao, mama yangu, wakirusha dadu za pembe nyingi. Katika mchezo wao walikuwa wakikimbiza dawa kwa malkia kabla jua halijazama. Ghafla nikasikia harufu ya ndengu iliyopurwa, na kukaa kukanishinda.

Nilipokuwa mdogo, kwetu Siakago, dada yangu Wambeti alichora njia kwa mkaa juu ya gunia la ndengu. Msafiri wangu, mbeba dawa ya malkia, alikuwa punje ya mahindi. Nilirusha kifuniko cha soda, na kikianguka mdomo chini, ni balaa. Mchana ule mto ulifurika, punda akachechemea, zimwi likaziba daraja. Kila nilipokaribia ikulu, Wambeti aliirefusha njia.

"Wewe unaniibia!" nilifoka. "Malkia atakufa!"

"Hatakufa. Rusha tena."

Aliukandamiza mkaa hadi ukavunjika. Nilidhani anaogopa kushindwa. Chumbani mama alikuwa akigumia. Shangazi alituambia ni tumbo tu linamsumbua, na kwamba baba ametoka kidogo na baiskeli. Hakusema ameenda kutafuta gari la kumkimbiza mama hospitali.

Kwa mbali injini ikanguruma mlimani. Wambeti alisikiliza hadi ikakaribia, kisha akaichukua punje yangu, akaiweka ikulu. Sikuwa nimerusha chochote.

"Umefika," alisema, akakimbilia barabarani.

Mama alipopitishwa mlangoni amebebwa, nilikuwa nikirukaruka juu ya gunia, nikimpigia kelele aone nilivyoshinda.