Kamba za Mama Povu

Mtaa ule ulikusanya watu wa kila rangi na kila kabila, na ua wa Mama Povu ulikuwa mtaa huo huo uliofinywa. Kabla chai ya asubuhi haijachemka ulishasikia watoto wakikaripiwa kwa lugha tano. Yeye mwenyewe mama yake alikuwa wa huku, baba wa kule, na akiulizwa kabila hujibu, "Sabuni."

Alikuwa dobi. Nguo za wapangaji wote zilipita mikononi mwake. Ili kuepusha ugomvi wa shati la huyu kuonekana kwa yule, alifunga kamba mbele ya kila mlango, kila chumba kikaanikiwa kwake. Mgeni angejua nani anaishi wapi bila kupiga hodi. Jambo hilo lilimpa fahari, maskini, hakujua anamtengenezea nani njia.

Fundi magari, kapera wa chumba cha mwisho, alimwita mama mkwe, ingawa Mama Povu hakujaliwa binti. "Nasubiri uzae," humwambia, naye humrushia povu.

Kisha mji ukachafuka. Mkubwa mmoja aliuawa, kabila la Mama Pacha likalaumiwa, vijana wenye marungu wakaanza kupita nyumba kwa nyumba. Mama Pacha, jirani yake Mama Povu ukuta kwa ukuta, alikuwa amejifungia ndani na wanawe. Sura isingemponza, watu wa mtaa ule walishachanganyika mpaka wajuaji wakashindwa kuwatenga. Lakini kwenye kamba yake zilikuwa zikichuruzika sketi ndefu za pindo jekundu, ambazo huvaliwa na wanawake wa kwao tu.

Kelele zilipofika getini, Mama Povu alizizoa zile sketi. Pa kuzificha hapakuwapo, wala muda haukuwapo, akazitupa kwenye kamba ya fundi. Fundi mchana kutwa huwa gereji. Wavunje mlango, alijiambia, wakute kitanda kitupu, waende zao.

Hakujua kwamba siku ile gereji zote zilifungwa, na fundi alikuwa amerudi kwa mlango wa nyuma, akalala.

Vijana walitazama kamba, wakaenda moja kwa moja chumbani kwa fundi. Fundi alikuwa wa kabila lao hao hao. Aliwaambia hivyo, kwa lugha yao. Wakacheka, wakasema watu wa kule ni hodari wa kuiga. Mama Povu alisimama kando ya beseni. Neno lake moja lingemwokoa fundi, na neno hilo hilo lingeufungua mlango wa watoto. Ulimi ukamganda. Fundi hakutoka hai.

Baada ya mazishi mama yake fundi alikuja kuchukua vitu vyake. Mama Povu alimkabidhi ovaroli aliyoifua mara mbili, doa la grisi likakataa kutoka. Mama yule akashusha sauti, akasema ameambiwa habari za sketi.

"Kama mwanangu alikuwa na mke wa kule, dada, nionyeshe. Sina neno naye. Labda ameniachia mjukuu."

Mama Povu alihisi afadhali ardhi immeze.

"Hakuwa na mke, dada yangu. Sketi nilizianika mimi, nikidhani hayumo."

Mama wa watu alilipapasa doa lile kwa kidole gumba.

"Kwa hiyo hakuna mtoto?"

"Hakuna."