Vidole vya Atupele

Mwanangu, ipo asubuhi moja ambayo uzee haujaninyang'anya. Shule zilikuwa zimefunguliwa baada ya kufungwa muda mrefu kwa sababu ya kipindupindu, nami nilikuwa mwalimu kijana huku Mpuguso, nikifundisha darasa dogo la watoto wasioona katika shule ya wanaoona. Mvua ilikuwa inanyesha, kama kawaida yetu. Akaingia Atupele, binti wa darasa la sita, ameshikwa mkono na bibi yake.

Kabla ya shule kufungwa, Atupele alisoma nukta nundu, yale maandishi ya vinundu yanayosomwa kwa vidole, upesi kuliko wenzake walivyosoma kwa macho. Nikampa kitabu chake. Akapitisha kidole mstari wa kwanza, akarudi mwanzo, akapitisha tena. Nikamshika mkono, ncha za vidole zilikuwa zimeota sugu.

Shule zilipofungwa, vitabu vya nukta nundu vilibaki vimefungiwa stoo, na mtoto asiye na kitabu hupewa jembe. Alipalilia viazi, alipukuchua mahindi, alichuma chai kwa kupapasa. Wanaoona waliazimana madaftari. Yeye angeazima kwa nani?

"Zamani nilikuwa nasoma, mwalimu," akaniambia. "Sasa nagusa vinundu tu."

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu kumwombea arudie darasa. Usimchukie mzee yule, hakuwa mtu mbaya. Alisema nafasi hakuna, na karatasi nene za nukta nundu haziletwi tena. Ilikuwa miaka ya soko huria. Maduka ya Tukuyu yalijaa redio na mitumba, lakini shule ziliambiwa zijitafutie. Atupele akaambiwa akae nyuma, asikilize.

Basi tukawa tunabaki barazani baada ya masomo, tukianza na herufi a. Tulilainisha vidole kwa mafuta, na bibi akamwondolea jembe. Bandu bandu huisha gogo, nikajipa moyo. Siku moja nikamwambia Atupele asihofu, atafika tu. Bibi, aliyekuja kumchukua, akanikatiza kwa upole, kwa Kiswahili chake cha kuchanganya na Kinyakyusa.

"Mwalimu, usimlishe mtoto maneno matamu. Mlifunga mlango, kitabu chake kikabaki ndani. Mbona hakuna aliyekumbuka kumletea?"

Nikarudi kwenye herufi. Swali lile ninalo hata leo.

Herufi zilirudi moja moja. Maneno yakaanza kurudi, lakini mtihani wa darasa la saba haukumngoja. Wenzake walipomaliza, yeye alikuwa bado ukurasa wa kwanza. Hakuchaguliwa kuendelea. Akarudi shambani, na mimi nikahamishwa.

Miaka ilipita. Nikapata kitabu kizuri cha hadithi cha nukta nundu, nikampelekea. Nilimkuta anachambua maharage, bibi yake ameshafariki. Alinitambua kwa sauti, akanikaribisha kiti. Nikamwekea kitabu mapajani. Hakukifungua. Alipapasa jalada lake mara moja, akanirudishia kwa mikono miwili, kwa adabu.

"Ndaga fijo, mwalimu," akasema. Asante sana. "Mpelekee mwingine ambaye bado hajachelewa."

Wanasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Mwanangu, mimi nimeuona uhunzi ukiisha.

Kwa hiyo shika neno langu, uwe mwalimu, mzazi au jirani. Shule zikifungwa tena, na zitafungwa, anza na mtoto asiyeweza kuazima daftari la mwenzake. Kitabu chake kitoke kabla mlango haujafungwa. Zikifunguliwa, usimwambie darasa limefika wapi. Muulize yeye amefika wapi, kisha ukae naye hapo hapo, hata wengine wakitangulia. Usimwahidi atafika, kama huko tayari kutembea naye.

Kyala, ndivyo tunavyomwita Mungu nyumbani, akupe miguu ya kwenda na subira ya kukaa. Akufikishe kwa mtoto huyo mapema kuliko nilivyofika mimi.