Amri Iliyochelewa Siku Mbili

Ennie alikuwa na wivu tangu nimjue, na nimemjua tangu tukiwa wasichana. Mumewe Kasonde akimchekea mwanamke njiani, kicheko hicho Ennie alikaa nacho wiki nzima. Mimi simlaumu sana. Kasonde alikuwa na meno mazuri, na alijua.

Nyavu zake alizitengeneza Ennie. Kwetu Nchelenge wakati ule wavu wa mume ulishonwa na mkewe tu. Ukiguswa na sindano ya mwanamke mwingine, ilisemekana samaki wanaukimbia. Kwa hiyo Kasonde alipokwenda kambi ya Puta, Ennie aliomba wavu uchanike, ili arudi upesi. Huko Puta alikuwako Jessy, mjane aliyekausha samaki kwa moshi na kuwapikia wavuvi, na Ennie hakulitaja jina hilo bila kusonya.

Mwaka 1957 yakaja mafua mabaya, yaliyolaza nyumba nzima kwa siku moja. Kasonde aliondoka Jumanne. Shati lake la kaki lilikosa kifungo cha shingoni, na Ennie akamwambia atakishona akirudi. Alhamisi tarishi wa chifu akapita na kengele: serikali imefunga ziwa majuma matatu, mtumbwi usitoke wala usifike, kila mtu abaki alipo.

Ennie alikaa chini hapo hapo alipokuwa. Aliniuliza serikali ilishindwa nini kuitoa amri hiyo Jumatatu.

Majuma matatu yalipokwisha, karani Kalaba akatuita mbele ya zahanati. Mukuka mwenye duka alisema amri ilikuja kwa wakati wake, kwa sababu tumezika wawili tu. Ngosa, mzee wa kanisa, alisema haikufaa kitu: mafua yalishaingia na maboti ya wanunuzi wa samaki, na kilichobaki kufungwa ni matumbo yetu. Walibishana mpaka jua likatuchoma vichwa. Ndipo Ennie akasimama, yeye ambaye hajawahi kufungua kinywa mkutanoni.

"Ile amri ilichelewa siku mbili," alisema. "Batu balikuwa balishaenda Puta. Mulifunga mulango, na batu beko inje."

 Mimi nilijua anachotaka: karani aone aibu, atume boti ya serikali ikawalete wanaume. Kalaba aliandika, akainamisha kichwa kwa heshima.

"Mama anasema kweli," alisema. "Kama tulichelewa kuanza, tutachelewa na kumaliza. Tunaongeza majuma matatu."

Mukuka alimpa Ennie mkono. Ngosa alimwita mwanamke mwenye akili. Tulirudi nyumbani, na Ennie alipofika kwenye chungu chake cha mihogo iliyolowekwa alikipiga teke, maji yakamwagika yote.

Majuma yale yalikuwa marefu kwangu pia, maana nilikuwa jirani. Kila jioni alinijia na Jessy wake. Je, anatia mawese kwenye mboga? Je, bado anafunga kile kitambaa chekundu? Alikonda. Alimchukia mwanamke ambaye hatujawahi kusikia amefanya lolote zaidi ya kupika, na nilipomwambia hivyo alinichukia na mimi siku mbili.

Ziwa lilipofunguliwa, Kasonde alifika asubuhi, amebaki mifupa. Ennie hakumsalimu. Aliingia majini na kanga yake, akauvuta wavu kutoka mtumbwini na kuukunjua mchangani. Ulikuwa na matundu ya kupita mbuzi. Hapakuwa na fundo moja jipya.

"Mukono ya mutu mwingine haikuugusa, Bana Chisenga," Kasonde alimwambia, akimwita mama wa Chisenga, mtoto wao wa kwanza. "Nililala na njaa, nikakungojea weye."

Ennie alicheka, akalia, akaniita nikaone. Aliukumbatia wavu ule unaonuka, kama mtu aliyempata mtoto wake aliyepotea. Nilifurahi, nilidhani sasa nitalala kwa amani.

Kisha akainua uso kumtazama mumewe vizuri, kwa mara ya kwanza. Shati la kaki lilikuwa limefungwa mpaka shingoni.

Aliuacha wavu. Alikishika kile kifungo kwa vidole viwili, akakigeuza. Kilishonwa kwa uzi wa nyavu, mizunguko mingi iliyokazwa pole pole, na mtu asiye na haraka.

"Ile amri. Siku mbili tu," alisema, na aliniambia mimi, si Kasonde.